Shamba yako ya miwa inakunywa maji ya bei gani? Mwongozo kamili wa kuhesabu, toka Bukavu

Mwezi wa saba, saa kumi na moja jioni, tulikuwa kwenye mufereji watu kama kumi na tano na kila mtu anapiga kelele. Sisi wa miwa tulikuwa tumeziba na udongo na migomba ili maji yote igeuke upande wetu, alafu mama mmoja wa chini, mwenye bustani ya lengalenga (mchicha), akapanda na jembe yake akabomoa. Hakuna mtu alipigwa, Mungu alisaidia. Mzee wa kamati akatuacha tumalize makelele, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Watoto wangu, hii maji munapigania, ni kiasi gani? Na inawaletea nini?" Kimya. Bei ya muwa mmoja kwenye soko ya Kadutu tulikuwa tunaijua, bei ya jembe tunaijua, kazi ya siku moja tunaijua, lakini maji hakuna aliyeweza kusema hata neno moja.

Toka siku ile nilianza kuandika kwenye kaye (daftari). Ninayoandika hapa ni ile njia nilifuata, nimeipanga vizuri ili na wewe uifanye kwenye bonde yenu, iwe huku kwetu milimani upande wa Kabare na Walungu ama kule chini kwenye uwanda wa Ruzizi, Luvungi, Sange mpaka Kiliba, ambako miwa inajulikana toka zamani juu ya kiwanda ya sukari iliyoacha kazi miaka ya 1990. Hauhitaji mashine. Unahitaji kaye, kamba, bidoni ya lita 20, kopo, rula na simu yenye kuhesabu sekunde.

Kwanza tuelewane maneno. Wataalamu wanasema "huduma za mazingira", maana yake ni kazi ambayo mlima, msitu na kinamasi vinatufanyia bila kutuma fakture. Mvua inanyesha kwa kishindo mwezi wa nne, mlima wenye miti na majani unaipokea, unaimeza, alafu unaitoa polepole mpaka mwezi wa nane wakati mbingu imefunga kabisa. Kinamasi inachuja matope. Ripoti kubwa ya dunia nzima ya 2005 kuhusu hali ya mazingira iligawa hizo huduma mafungu manne: zinazotupatia vitu (maji yenyewe, chakula, kuni), zinazotuliza mambo (mafuriko, matope, joto), zinazoshikilia zingine zote (udongo kujitengeneza), na za roho na mila. Na kabla ya hapo, 1992, mkutano wa maji wa Dublin ulikuwa umesema wazi kwamba maji ina thamani ya kiuchumi katika kila matumizi yake. Kwa watu wa Bukavu hii si nadharia: taka na matope vikishuka mpaka kwenye barasi (bwawa ya umeme) ya Ruzizi, kuran, yaani umeme, inakatika mjini. Ile siku ya giza njo unajua mlima ulikuwa unafanya kazi gani.

Hatua ya 1: fuata maji kwa miguu

Usianzie shambani. Panda mpaka kwenye chemchemi, alafu teremka na mufereji mpaka pale maji inatoka kwenye bonde. Chukua asubuhi nzima, na usiende peke yako, enda na mzee mmoja anayejua zamani kulikuwa nini na kijana mmoja wa kuchora. Kwenye karatasi mutie kila kitu munachokutana nacho: miti gani iko juu, mahali pamekatwa miti ya makala (mkaa), pamelimwa mpaka ukingoni, pa kuchota maji ya kunywa, bwawa ya samaki, mashamba ya miwa, bustani, pa kufulia.

Sisi tulipopanda tulikuta vitu viwili ambavyo hatukuwa tunavijua, na tunaishi pale toka kuzaliwa. Moja, mikaratusi ilikuwa imepandwa mita chache tu toka kwenye chemchemi, na ule mti unakunywa sana, mizizi yake inatafuta maji mbali. Mbili, kwenye kona moja ya mufereji udongo ulikuwa unalowa upande wa chini, majani mabichi kabisa katikati ya kipwa (kiangazi), maana yake maji ilikuwa inatorokea pale usiku na mchana bila mtu kujua. Tuwekee hiyo kona alama, nitairudilia.

Hatua ya 2: pima shamba

Hii ni rahisi, nisipoteze muda. Kamba yenye fundo kila mita moja, urefu mara upana. Mfano nitakaotumia mpaka mwisho ni shamba ya mita 50 kwa mita 50, yaani mita za mraba 2.500, ndiyo robo ya hekta, ari 25. Kama shamba yako imepinda, igawe vipande vyenye pembe nne, pima kila kimoja, jumlisha.

Hatua ya 3: miwa inakunywa ngapi

Hapa tukae kidogo, juu hapa njo watu wengi wanabahatisha.

FAO, shirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo, inasema muwa, toka kupandwa mpaka kukatwa, unahitaji kati ya milimita 1.500 na 2.500 za maji, kulingana na joto ya mahali na muda utakaokaa shambani. Milimita moja ni nini? Ni lita moja juu ya mita moja ya mraba. Basi. Kwa shamba yetu ya mfano milimita moja ni lita 2.500, yaani bidoni 125. Ukishika hiyo moja, mengine yote yanafuata.

Lakini muwa haunywi sawasawa maisha yake yote. Kuna kipimo ya msingi: kiasi ambacho jua na upepo vinanyonya kwa siku kwenye uwanja wa majani mafupi yaliyoshiba maji. Kwa hesabu ya mkono tuseme ni milimita 4 kwa siku, huku milimani penye baridi inaweza kuwa chini ya hapo, kule uwandani penye joto juu ya hapo. Muwa mchanga, ambao bado haujafunika udongo, unachukua karibu mara 0,4 ya hiyo. Muwa mkubwa uliofunga shamba, ule ambao ukiingia ndani hauonekani, unachukua mara 1,25. Muwa unaokomaa unashuka mpaka mara 0,75. Kwa mfano wetu inakuwa hivi:

Mchanga: 4 × 0,4 = milimita 1,6, yaani lita 4.000 kwa siku, bidoni 200.
Mkubwa: 4 × 1,25 = milimita 5, lita 12.500, bidoni 625.
Unaokomaa: 4 × 0,75 = milimita 3, lita 7.500, bidoni 375.

Bidoni 625 kwa siku kwa kishamba ya ari 25! Nilipomsomea baba yangu ile namba alinyamaza, akaniambia rudilia kuhesabu. Nikarudilia. Ni ile ile.

Sasa toa mvua. Chukua kopo yenye kuta zilizonyooka, ya nyanya ama ya maziwa, si chupa yenye shingo, iweke mahali wazi mbali na miti na paa, juu ya kipande cha mti ili matope isirukie ndani. Kila asubuhi saa ile ile ingiza rula, soma milimita, andika, mwaga. Ukisahau siku mbili usidanganye kaye, andika "sikupima". Mvua yote haiingii kwenye mizizi, ingine inakimbia na mteremko, kwa hiyo mimi nahesabu sehemu 7 juu ya 10, na kwenye mteremko mkali nashusha tena.

Tuseme kipwa ya siku 90 miwa ikiwa mikubwa: hitaji ni 5 × 90 = milimita 450. Mvua iliyofaa tuseme milimita 50. Inabaki 400. Mara mita 2.500 ni lita milioni moja, yaani meta kibe (mita za ujazo) 1.000. Zunguushia hiyo namba kalamu nyekundu, ndiyo maji ambayo mlima unakuletea kupitia mufereji wakati mbingu imekataa.

Hatua ya 4: pima mufereji

Mufereji mdogo: tafuta mahali maji inaruka, ama tengeneza na kipande cha bati. Kata bidoni ya lita 20 juu, iweke chini, kijana mmoja aseme "haya" na mwingine abonyeze simu. Fanyeni mara tano, tupeni ile ya haraka kabisa na ile ya polepole kabisa, chukueni katikati ya tatu zilizobaki. Kama lita 20 zinajaa kwa sekunde 8, ni lita 2,5 kwa sekunde, na saa moja ni lita 9.000.

Mufereji mkubwa ambao bidoni haiwezi: chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10, tupa chungwa juu yake (chungwa ni nzuri kuliko jani juu inazama nusu, upepo hauisukumi) na hesabu sekunde. Pima upana na kina mahali patatu. Mfano: upana mita 0,4, kina mita 0,1, chungwa imetumia sekunde 25, maana yake mita 0,4 kwa sekunde. 0,4 × 0,1 × 0,4 = 0,016, yaani lita 16 kwa sekunde. Chini ya mufereji maji inaenda polepole kuliko juu, njo maana tunazidisha na 0,7 kwa mufereji wa udongo: inakuwa karibu lita 11 kwa sekunde.

Pima mahali pawili siku moja: pale maji inaingia mufereji na pale inaingia shamba yako. Kwetu kule juu ilikuwa lita 2,5, shambani ilifika 1,5. Lita moja kila sekunde ilikuwa inapotea njiani, na sehemu kubwa ni ile kona yenye majani mabichi niliyosema. Tulikuwa tunagombana na mama wa lengalenga juu ya maji wakati maji mingi kuliko anayohitaji yeye ilikuwa inaingia ardhini bila kumfaidi mtu. Tuliziba na udongo wa mfinyanzi, tukaukanyaga na miguu kama watu wanaojenga nyumba ya udongo, siku moja tu ya salongo (kazi ya pamoja).

Na tafadhali, pima mwezi wa nne na upime tena mwezi wa nane. Hii ndiyo roho ya mambo yote. Maji ya mwezi wa nne ni mingi, inamwagika kila mahali, ukipewa lita moja zaidi haikusaidii kitu, pengine inaozesha mizizi. Maji ya mwezi wa nane ni kidogo na kila lita ina kazi. Mlima haukupatii maji tu, unakupatia maji kwa wakati wake, na hiyo kazi ya kuweka akiba ndiyo unayotaka kuipatia bei. Kama kila mwaka maji ya mwezi wa nne inapanda na ya mwezi wa nane inashuka na mvua haijabadilika, mlima wako unapoteza nguvu ya kushika maji, na kaye itakuonyesha kabla ya macho.

Hatua ya 5: tafuta bei

Kuna njia mingi, mi natumia tatu. Namba za faranga za Kongo (FC) hapa ni za mfano, wewe weka za kwenu za siku hiyo.

Njia ya kwanza ni kuuliza: mlima ukiacha kunipa hii maji, nitaitoa wapi na kwa bei gani? Tuseme kuna mto chini na unakodi motopompu. Inapandisha meta kibe 15 kwa saa, inakula lita moja ya esansi ya 3.000 FC, mafuta ya mashine na kuchakaa 1.500, kijana wa kuichunga 1.500. Jumla 6.000 kwa saa, gawa na 15, ni 400 FC kwa meta kibe. Meta kibe 1.000 ni 400.000 FC. Usiifanye hesabu hii na bidoni za kubeba kichwani, utapata namba ya kutisha lakini ya uongo, juu hakuna mtu atabeba bidoni 50.000 kunywesha miwa. Bei ya kitu cha kuchukua nafasi ya mlima inafaa tu kama kweli ungekubali kuilipa.

Njia ya pili ni kuangalia mavuno. Linganisha miwa iliyopata maji ya mufereji wakati wa kipwa na ile ambayo haikupata, ya aina moja, udongo mmoja, umri mmoja. Kama hauna, acha mistari mitatu ya pembeni bila kunywesha msimu moja. Inauma kuiangalia inakauka, lakini hiyo mistari mitatu itakufundisha kuliko mimi. Tuseme yenye maji ingetoa miwa 12.500 kwenye ari 25, isiyo na maji 8.000. Tofauti 4.500. Kwa bei ya shambani, si ya Kadutu, tuseme 150 FC kwa muwa mmoja, ni 675.000 FC. Sasa toa gharama zote zilizokuja na ile tofauti: kukata, kubeba mpaka barabarani, kusafisha mufereji, kukesha usiku wa zamu. Na kazi ya mke wako na watoto wako, ihesabu kwa bei ya kibarua! Watu wanaiacha kila mara, alafu wanasema maji ina faida kubwa, kumbe ile faida ni jasho ya mama ambaye hakulipwa. Tuseme gharama ni 375.000. Inabaki 300.000 FC, gawa na meta kibe 1.000, ni 300 FC kwa meta kibe.

Sasa weka hizo mbili pamoja na uangalie vizuri. Motopompu 400, faida 300. Maana yake mlima ukikauka, motopompu haitaniokoa, kila meta kibe nitakayopandisha itanipotezea 100 FC. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaosema "tutanunua mashine". Hii hesabu ilinitoa ile ndoto. Na bei ya kweli ya maji kwenye shamba hiyo ni ile ndogo, 300, juu hakuna mkulima mwenye akili atalipa 400 ili apate 300. Usijumlishe 400 na 300 useme maji ni 700, ni maji ile ile moja umeiangalia kwa madirisha mawili.

Njia ya tatu ni ya hasara ambayo mlima unaizuia. Uvira waliona mwezi wa nne 2020 mito ikibomoa nyumba, na Kalehe tarehe 4 mwezi wa tano 2023 Bushushu na Nyamukubi tulizika watu kwa mamia. Maisha ya mtu usiiwekee bei kwenye kaye, kamwe. Hesabu vile vinavyohesabika: mara ngapi kwa mwaka tunachimbua matope kwenye mufereji, watu wangapi, siku ngapi, miwa mingapi imelazwa na kufunikwa. Watu 30 mara siku 4 mara 5.000 FC ni 600.000 FC kwa bonde nzima, ambazo kipindi mlima ulikuwa na miti pengine zilikuwa nusu. Ile nusu iliyoongezeka unaweza kuijumlisha na faida ya maji ya bonde nzima, ni kazi ingine tofauti ya mlima.

Kuna pia kuuliza watu wenyewe wangetoa nini ili chemchemi ilindwe. Mi nashauri uulize kwa siku za kazi, si kwa pesa. Mama asiye na faranga mfukoni atakuambia sifuri, na sifuri hiyo si bei ya maji kwake, ni bei ya mfuko wake. Muulize salongo ngapi kwa mwaka, atakuambia sita na atafika zote sita.

Hatua ya 6: vitu ambavyo haviingii kwenye bei

Maji ya kunywa na ya nyumba inatoka kwanza, kabla ya muwa kupata hata tone. Kwenye karatasi, toa ile sehemu ndipo ugawe inayobaki. Sheria ya maji ya Kongo, namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015, inaweka maji chini ya mali ya Serikali, kwa hiyo bei unayotafuta haikupi haki ya kumuuzia jirani maji ya mufereji. Ni ya kukusaidia kuamua. Na kama kuna mahali wazee wanaheshimu pale chemchemini, paandike kwenye ramani kwa jina lake na uache bila namba.

Hatua ya 7: kila lita inafanya kazi gani

Pima miwa 20 kwenye mizani, tafuta wastani, zidisha na idadi yote. Miwa 12.500 ya kilo 2 ni kilo 25.000. Gawa na maji yote iliyotumika, mvua na mufereji pamoja. Kama muwa ulitumia milimita 1.600 maisha yake yote, ni meta kibe 4.000, na 25.000 gawa 4.000 ni kilo 6,25 kwa meta kibe. FAO inaweka miwa iliyonyweshwa vizuri kati ya kilo 5 na 8. Ukiwa chini ya 4 kuna mahali unatoboka: mufereji unavuja, ama udongo uko uchi, ama unanywesha mchana wa jua kali.

Dawa ya bei ndogo kabisa ni majani ya miwa yenyewe. Usichome. Yalaze katikati ya mistari, yazuie jua kufika kwenye udongo. Siku moja ya kipwa, saa saba mchana, niliingiza kidole kwenye mstari uliofunikwa, udongo ulikuwa baridi na unashikana mkononi. Mstari wa jirani aliyechoma, mita tatu tu, ulikuwa vumbi.

Alafu kuna jambo ambalo lingetuepusha ule ugomvi wote. Muwa ukikaribia kukatwa, wiki 4 mpaka 6 za mwisho, unasimamisha maji. Muwa ukinyimwa maji wakati huo unaacha kurefuka na unaweka sukari ndani. Ukiendelea kuunywesha unapata muwa mnene, mzito, wa maji maji, na wamama wa Kadutu wakiutafuna wanakurudishia. Nilipoangalia kaye na tarehe za kupanda, nikaona sehemu kubwa ya miwa tuliyokuwa tunapigania mwezi wa saba ilikuwa ya kukatwa mwezi wa nane. Ile maji tuliyomnyima mama ilikuwa inatuharibia.

Hatua ya 8: rudisha kitu mlimani

Tuko mashamba 12 kwenye mufereji. Kwa mfano wetu, 300.000 mara 12 ni 3.600.000 FC kwa kipwa moja. Tukitoa sehemu moja juu ya kumi, ni 360.000 FC kila mwaka kwa ajili ya juu: miche, mitaro ya kuzuia mmomonyoko, matete kwenye kingo, na kitu cha kumpa mwenye kilima ili asilime mpaka ukingo wa chemchemi. Yeye naye ana watoto wa kulisha, ukimwambia tu "usikate" bila kumpa kitu, umemnyang'anya. Wakulima wa miwa wa bonde ya Cauca, kule Colombia, walianza hivyo toka mwisho wa miaka ya 1980: walijiunga kwa vyama vya mto kwa mto, wanajitoza wenyewe kulingana na maji wanayotumia, na pesa inapanda mlimani kulinda vyanzo. 2009 wakaunda mfuko mmoja wa maji kwa mito mingi. Wao ni wakubwa, sisi ni wadogo, lakini mfereji ni mfereji.

Mikaratusi ya pale chemchemini tulizungumza na mwenyewe, atakata kidogo kidogo na kila anapokata tunamletea miche ya miti ya kienyeji. Siku moja kumaliza yote ingeacha mteremko uchi na mvua ya mwezi wa tisa ingeushusha wote.

Hatua ya 9: pelekeni kaye kwenye kikao

Usipeleke namba peke yake, peleka na ile chungwa, bidoni na kopo, mupime tena mbele ya watu. Mtu akibonyeza simu mwenyewe anaamini. Sisi tulikaa chini ya muembe wa mzee, namba ikasomwa kwa sauti, na yule mama wa lengalenga ndiye aliyeshika simu tulipopima. Akasema: "Sasa baba, kama munasimamisha maji wiki sita, mimi nipandie hizo wiki sita." Tukahesabu pamoja: lengalenga inaweza kukatwa karibu mwezi mmoja baada ya kupandwa, inaingia ndani ya zile wiki bila shida.

Tukaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye: miwa ya kukatwa mwezi wa nane, maji inasimama tarehe 1 mwezi wa saba, mufereji unaenda bustanini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, siku zingine ni za miwa michanga, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi salongo ya mlimani, kila shamba mtu mmoja. Mzee akatia sahihi, mama naye akatia sahihi chini yake.